Fundi wa Meno ya Kinu Aliyeiamini Tisini na Moja

Ni Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi. Ardith Presnell amepiga magoti katika ghorofa ya chini ya kinu cha maji cha Hoyle, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, kipande cha chaki mkononi. Anachora alama nyeupe kwenye jino moja la gurudumu kubwa la mbao. Kisha anachora nyingine kwenye jino la gurudumu dogo, pale pale magurudumu hayo mawili yanapoumana.

"Fungulia maji, ila kiduchu," anasema bila kugeuka. "Nikisema kiduchu nina maana kiduchu, siyo gharika ya Nuhu."

Verlin Hoyle ndiye mwenye kinu. Anainua mlango wa mfereji kwa kigingi, maji ya Kijito cha Tansy yanaingia, gurudumu la nje linaguna, na meno yanaanza kupokezana taratibu. Mawe ya kusagia juu yameinuliwa, kwa hiyo leo hakuna unga utakaotoka. Leo kinachofanyika ni kuhesabu tu.

"Moja," anasema Ardith gurudumu kubwa linapomaliza mzunguko. Alama zake mbili za chaki zimepishana mbali.

Bibi huyu wa miaka sabini na moja ndiye fundi pekee aliyebaki katika milima hii ya magharibi mwa North Carolina anayechonga meno ya mbao ya vinu. Watu wa Tansy humtania kwa jina la Daktari wa Meno, na yeye huwajibu kwamba wagonjwa wake angalau hawapigi kelele.

Kazi yenyewe si ya kutajirisha mtu. Jino moja hulichonga kwa dola kumi na sita, na kwa siku nzuri hutoa meno matano. Mwaka jana vinu vinne tu vilimwita, akapata dola elfu sita na mia nne. Kinachomlisha hasa ni pensheni ya kiwanda cha soksi, alikofanya kazi miaka ishirini na nane.

"Soksi zilinipa chakula," anasema. "Meno yananipa sababu ya kuamka."

Alijifunza kwa baba yake, Garland Presnell, aliyekuwa akichonga meno kwa mti wa mtufaha uliokaushwa miaka mitatu darini. Lakini kuchonga, anasema, hata mtu mwenye mikono miwili ya kushoto anaweza kufundishwa. Kazi kubwa ni kuchagua namba.

Hapo ndipo wale tuliokaa darasani tukikariri vigawo na vigawe, tukidhani mwalimu anatukomoa tu, tunapaswa kusogeza viti. Tuseme gurudumu kubwa lina meno sitini na dogo lina ishirini. Ishirini inaingia katika sitini mara tatu kamili. Maana yake jino la kwanza la kubwa litaumana na jino lile lile la dogo kila mzunguko, leo, kesho na hadi mwisho wa dunia.

"Sasa lile jino la dogo likiwa na kasoro, hata kidogo kama ukucha, litayatafuna meno yale yale matatu ya kubwa siku zote," anaeleza. "Ni kama lile jirani lenye maneno mengi kanisani. Likikaa na mtu mmoja kila Jumapili, litamuua. Lakini likizunguka viti vyote, kila mtu ataonja kidogo, na hakuna atakayekufa."

Dawa yake ni kuweka namba zisizoshirikiana kigawo chochote isipokuwa moja. Njia fupi ya kufika huko, aliyoitumia baba yake na babu yake, ni kulipatia gurudumu kubwa namba tasa, yaani namba isiyogawika kwa nyingine yoyote ila moja na yenyewe.

"Mbili," anasema Ardith. Alama za chaki bado hazijakutana.

Verlin anashusha pumzi ndefu inayosikika hadi huku kwenye ngazi. Ana miaka sabini na tatu, mrefu, mwembamba, na kwa miaka karibu kumi na moja, hadi jana, hakuwahi kukaa chumba kimoja na mwanamke huyu nje ya kanisa.

Ili msomaji aelewe kwa nini mzee alishusha pumzi kwenye mzunguko wa pili, ni lazima turudi nyuma.

Miaka kumi na miwili iliyopita, gurudumu la kinu cha Hoyle lilioza. Verlin akamwita Ardith, wakapima nafasi, wakaona gurudumu linaweza kubeba meno tisini, likizidi sana tisini na mbili. Ardith alirudi kwenye karakana yake kuangalia ubao wa baba.

Ubao huo umepigiliwa misumari juu ya dirisha. Garland aliandika kwa penseli namba zote tasa zisizofika mia, ili mtu asipoteze asubuhi nzima akigawa. Kwa kina Presnell, ubao ule ulikuwa haubishiwi. Pale mwishoni umeandikwa: themanini na tatu, themanini na tisa, tisini na moja, tisini na saba.

"Nilianza kuipima tisini na moja mwenyewe, naapa," anasema Ardith. "Nikajaribu mbili, haikuingia. Nikajaribu tatu, haikuingia. Tano, haikuingia. Nikainua macho nikaiona kwenye ubao wa Baba, kwa mwandiko wake. Nikasema, nani mimi nimpime Baba? Nikaacha hapo hapo. Saba ilikuwa inanisubiri, nami nikaondoka."

Saba mara kumi na tatu ni tisini na moja. Na gurudumu dogo la kinu kile lilikuwa na meno ishirini na sita, yaani kumi na tatu mara mbili.

Garland mwenyewe hakuwahi kuchonga gurudumu la meno tisini na moja maishani mwake, kwa hiyo kosa lake lilikaa ukutani salama, halimdhuru mtu. Lilimsubiri binti yake.

Haukupita mwaka, meno saba ya gurudumu kubwa yalikuwa yameliwa hadi nusu, moja likavunjika katikati ya msimu wa kusaga. Ardith alikuja, akatazama, akaona jambo la ajabu: yaliyoharibika yalikuwa yamepangana, kila baada ya kumi na mawili mazima, la kumi na tatu bovu. Akatoa hukumu. Akasema Verlin hapaki mafuta ipasavyo, anaruka meno kwa uvivu.

Angelisemea mle kinuni pengine lingeishia mle. Lakini alilisema Jumapili, kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada, akiwa na sahani ya kuku mkononi.

"Kazi nzuri ukimpa mvivu ni sawa na kuimwaga," alisema, watu kama sitini wakisikia.

Neno likishatoka halirudi. Tansy ni mahali padogo, na Verlin akawa Mvivu wa Kinu. Watu walimtania dukani, wakamtania kwa kinyozi. Wengine wakaanza kununua unga wa mahindi wa mifuko kutoka mjini, wakisema ule wa Hoyle siku hizi una vumbi la mbao. Mwandishi wa makala haya naye, aliyekuwa akinunua unga pale kila mwezi, aliwahi kulirudia neno lile na kucheka. Analiandika hapa kwa aibu.

Kila mwaka meno yale yale saba yaliliwa. Verlin aliyabadilisha mwenyewe, vibaya, kwa kuwa hakutaka kumwita aliyemtukana. Mwezi wa saba mwaka huu alichoka. Mwenye mkahawa mmoja huko mjini Asheville alikuwa amemwahidi dola elfu tisa ili achukue mawe ya kusagia akayaweke mlangoni kama pambo. Verlin akasema atajibu mwisho wa Septemba.

"Tano," anasema Ardith. "Maji yanazidi, Verlin. Punguza."

"Hayajazidi. Wewe ndiye umezeeka."

"Yamezidi, bwana we!"

Anapunguza.

Aliyemfumbua Ardith macho ni Oleta Hoyle, mke wa Verlin, na hakujua. Mwezi wa nne, akina mama wa kanisa walishona blanketi la viraka la kuchangisha fedha za kikosi cha zimamoto. Oleta ndiye aliyelipanga. Lilipotandazwa juu ya meza, Ardith akaombwa ahesabu viraka ili idadi iandikwe kwenye tangazo.

Akahesabu upana: saba. Akahesabu urefu: kumi na tatu. Akaandika tisini na moja.

"Kisha nikaitazama ile karatasi," anakumbuka. "Namba tasa huwezi kuipanga ikawa blanketi. Utapata utepe mmoja mrefu tu wa kujifunga shingoni. Na mbele yangu pale lilikuwepo blanketi zuri, limekaa mraba kwa mraba, saba kwa kumi na tatu, limeshonwa na mke wa mtu niliyemwita mvivu."

Oleta, mwanamke mnene mwepesi wa kucheka, anakumbuka siku hiyo vizuri.

"Alikaa chini ghafla, mweupe kama unga. Nikadhani sukari imeshuka. Nikampa maji, nikampa na kipande cha keki. Akaniambia, 'Oleta, blanketi lako limenihukumu.' Mimi nikasema mama wee, huyu amechanganyikiwa, rangi za bluu zilikuwa nyingi mno?"

Ardith alikwenda nyumbani, akaketi mbele ya ubao wa baba yake, akaipima namba hiyo kwa mara ya kwanza hadi mwisho. Kanuni anaijua tangu utotoni: jaribu mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, uendelee hivyo, ukifika namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita ile unayoipima, simama, kazi imekwisha. Kwa tisini na moja, mtu hahitaji kupita saba. Alikuwa amebakiza hatua moja.

Hakusema kwa miezi minne. Anakiri hivyo bila kujitetea.

"Nilikuwa nikipanga kwenda kila Jumatatu, na kila Jumatatu nikapata jino la kuchonga. Mficha uchi hazai, lakini wee, kuufunua nao si mchezo. Si mimi tu. Ningekuwa namfunua na Baba."

Habari za mkahawa ndizo zilizomwondoa kitini. Mwezi wa nane alikwenda hadi barazani kwa Hoyle akiwa na karatasi yenye hesabu, akamwambia Verlin yote akiwa amesimama. Verlin akamwambia, "Rudia." Akarudia. Akamwambia tena, "Rudia." Akarudia mara ya tatu. Kisha Verlin akaingia ndani na kufunga mlango.

Siku ya pili Oleta alikwenda kwenye karakana na ujumbe: Verlin anauliza, gurudumu jipya ni kiasi gani?

Gurudumu kubwa jipya la meno themanini na tisa, mbao na kazi, lingegharimu dola elfu tano na mia nane. Kina Hoyle hawakuwa nazo, na Ardith hakuwa na mtufaha mkavu wa kutosha hata kama angelitoa bure. Mkahawa ulikuwa unasubiri.

Alikesha na jambo hilo siku tatu, kisha akagundua kitu ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, mtu wa kutegemea ubao asingekigundua. Namba haihitaji kuwa tasa. Inahitaji tu isishirikiane kitu na mwenzake.

"Tisini na moja ina saba na kumi na tatu ndani yake. Basi mwache mzee na saba yake na kumi na tatu yake. Mbadilishie rafiki! Lile dogo lilikuwa na meno ishirini na sita. Niliongeza jino moja tu, ishirini na saba. Ishirini na saba ni tatu mara tatu mara tatu, hamna saba humo, hamna kumi na tatu. Hawajuani kabisa."

Na ishirini na saba, kama kila mwanafunzi anavyojua, si namba tasa. Baba yake asingeiandika ubaoni.

Kwa siku tisa alichonga gurudumu dogo jipya. Jino lililoongezeka lilifanya gurudumu linenepe kidogo, kwa hiyo jana yeye na Verlin walisogeza mhimili karibu nusu inchi kwa kabari. Walifanya kazi hiyo kutwa nzima, wakisemezana kwa maneno kama "shika" na "achia" tu. Oleta aliwaletea maharage na mkate wa mahindi, akawakuta wamekaa kila mtu kona yake.

"Kama watoto waliogombania mpira," anasema.

Ndiyo maana leo kuna chaki. Kwenye gurudumu la zamani, alama zile zingekutana baada ya mizunguko miwili tu, kwa sababu kigawe kidogo wanachoshirikiana tisini na moja na ishirini na sita ni mia na themanini na mbili, yaani tisini na moja mara mbili. Kwenye hili jipya, kila jino linapaswa kusalimiana na meno yote ya upande wa pili kabla ya kurudi kwa lile la kwanza. Hesabu inasema mizunguko ishirini na saba, wala si pungufu.

"Ubao nao niliuamini siku moja," Ardith anasema anapoulizwa kwa nini ahesabu kitu anachokijua. "Na Verlin hajaambiwa aamini karatasi yangu. Aone kwa macho yake."

Kumi na tisa. Ishirini. Verlin amesogea, sasa naye ameinama, mkono umeshika boriti. Ishirini na nne. Jino lenye chaki la gurudumu dogo linapita jirani kabisa na mwenzake, likakosa kwa meno machache.

"Si hilo," anasema Verlin.

"Si hilo. Subiri."

Ishirini na tano. Ishirini na sita. Kisha alama mbili nyeupe zinakuja, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini, zinaumana mbele ya macho yao, na chaki ya moja inaacha vumbi kwenye nyingine.

"Ishirini na saba," anasema Verlin mwenyewe.

Anashusha mlango wa mfereji. Kinuni unasikika mtiririko wa kijito peke yake.

"Jumatatu nitampigia yule mtu wa Asheville," anasema. "Nitamwambia mawe yana kazi."

Ardith anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anaifuta tena. Anapotaka kusema neno, Verlin ameshafika mlangoni.

"Njoo uone kitu."

Anatupeleka kwenye banda la nyuma. Ukutani kuna rafu, na juu ya rafu makopo matupu ya mafuta, yale ya mchanganyiko wa nta na mafuta ya ng'ombe yanayopakwa kwenye meno ya mbao. Kopo moja humaliza mwezi. Kila kopo limeandikwa mwezi na mwaka kwa kalamu nyeusi, la kwanza likiwa la Novemba ile, mwezi uliofuata chakula cha kanisani.

"Nilikuwa nikipaka kila Jumatatu," anasema Verlin. "Kila jino. Nikasema iko siku mtu atauliza. Hakuuliza mtu."

Ardith anayatazama. Machozi yanamtoka na hayazuii. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, anaanza kuhesabu. Ni mia moja thelathini na moja. Yamepangwa kumi kumi kwenye rafu kumi na tatu, na moja limebaki chini sakafuni, peke yake.

"Hilo linanisumbua," anasema Verlin. "Nimejaribu kuyapanga saba saba, nane nane. Kila mara hayalingani."

"Hayawezi kulingana." Ardith anapangusa uso kwa kiganja. "Mbili hapana, namba inaishia na moja. Tatu hapana. Tano hapana..."

"Na saba?" anauliza Verlin haraka. "Saba umeijaribu?"

Bibi anamgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, wote wawili wanacheka, Verlin hadi anashika mlango.

"Saba mara kumi na nane ni mia na ishirini na sita, zinabaki tano. Kumi na moja mara kumi na moja ni mia na ishirini na moja, zinabaki kumi. Kumi na tatu kwa kumi na tatu imeshapita. Ni tasa, Verlin. Nimeipima hadi mwisho. Hata ukiyapanga vipi, hutapata mstatili."

Kwenye karakana yake, ubao wa Garland bado upo juu ya dirisha. Ardith hakuifuta tisini na moja. Pembeni yake ameandika kwa wino, kwa mwandiko wake mwenyewe, saba mara kumi na tatu, na tarehe. Anasema msimu huu wa baridi ataandika kanuni nzima ya kupima chini ya zile namba, ili atakayefuata asitegemee orodha ya mtu, hata ya baba.

Lakini kabla ya hilo ana jambo la kesho. Katika kanisa la Tansy, kabla ya wimbo wa pili, aliye na ushuhuda husimama. Ardith hajawahi kusimama katika maisha yake yote.

Anainama, anaokota kopo lililobaki sakafuni, analigeuza asome mwezi. Ni la Septemba hii.

"Niazime hili," anasema.

"La nini?"

"Nilikusema mbele ya watu sitini nikiwa na sahani ya kuku mkononi. Kesho nitasimama mbele yao hao hao nikiwa na kopo lako."

Verlin anakuna kidevu.

"Chukua," anasema. "Ila Jumatatu ulirudishe, ukunje na mikono ya shati. Tutayapaka meno wote wawili."